Mita Mbili za Kibenga

Jumatatu, 1 Juni 1998

Daftari jipya. La zamani limemalizwa na panya. Hili nitaliweka ndani ya redio mbovu ya mbao, kibandani kwangu Buyenzi. Hakuna anayefungua redio mbovu isipokuwa fundi, na fundi wa hapa ni mimi, Massoudi.

Habari kubwa: nyumba inaanza! Miaka sita nimepalilia magugu kwenye kiwanja changu cha Kibenga, kusini mwa mji, hatua mia moja kutoka ziwani. Sasa kitapata msingi. Mwashi nimempata. Anaitwa Cirimwami, amekimbia Bukavu na mwiko wake na shati moja. Saruji nayo imepatikana. Imevuka ziwa kutoka Kigoma alfajiri, bila kupiga hodi kwa mtu. Vikwazo vya biashara wamewekewa wakubwa wa nchi. Saruji haina habari navyo.

Sababu ya nyumba naiandika mara moja tu. Mke wangu Mwantum hawezi tena kuishi Buyenzi. Mwanetu Moubarak alitoka kwa mlango wa nyumba yetu Machi ya mwaka tisini na tano, anakwenda kununua betri za tochi. Ilikuwa siku ya risasi. Hakurudi, wala mwili hatukuupata. Mpaka leo Mwantum anapika chakula cha watu wanne. Tuko watatu, pamoja na binti yetu Houda. Sahani ya nne inafunikwa, asubuhi inapewa kuku.

Kibenga mlango ule haupo. Kuna maji, na milima ya Kongo ng'ambo. Nitamjengea chumba chenye dirisha kubwa, aamke aone ziwa. Akiona ziwa atapona. Nimeshaamua.

Kizuizi ni kimoja. Kinaitwa Zénon.

Jumatano, 3 Juni

Zénon: karani mstaafu wa posta. Miaka sitini na kitu. Suruali yenye mikanda ya mabegani, shati la pasi hata siku ya kushika jembe. Anaishi jirani na mkewe Léoncie, wawili tu.

Kati ya kiwanja changu na chake kuna ukanda wa mita mbili. Jiwe la mpaka lilikwenda na mvua zamani. Karatasi yangu inasema mita ishirini. Yake inasema ishirini. Ukanda ule haumo kwenye karatasi ya mtu yeyote, lakini yeye amepanda maua pale, marefu, mekundu, na kila jioni anayamwagilia kwa kopo, polepole, kama anamnywesha mgonjwa.

Chumba cha Mwantum, kwa mchoro wangu, kinasimama hapo hapo kwenye maua. Nikikisogeza, dirisha litatazama choo cha Zénon. Miaka sita ya kungoja, halafu choo!

Nikamwendea kwa adabu. Nikauliza afya yake, afya ya mama, nikaingia kwenye mita mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Kwingine kote tutasikilizana, jirani. Pale apana." Nikauliza kwa nini. Akasema tena pale apana, akaenda kuchota maji.

Kiburi cha makarani. Mtu amegonga mihuri miaka thelathini, sasa anadhani mdomo wake ni muhuri.

Ijumaa, 5 Juni

Nilipata akili. Mita ni nini? Ni kamba yenye mafundo. Na mafundo hufungwa na mtu.

Nilinunua kamba nene ya katani. Nikaitia alama ya makaa kila baada ya sentimita mia na kumi, nikafunga mafundo ishirini na moja. Kwa kamba hiyo mita zangu ishirini zingekuwa ishirini na mbili, na maua yangekuwa yangu mchana kweupe, mbele ya shahidi.

Shahidi mwenyewe alikuwa Zénon. Nilimwita asubuhi. Cirimwami akashika mwisho mmoja kwenye jiwe la barabarani, mimi nikavuta. Nikavuta. Fundo la mwisho likaishia ndani ya kiwanja changu, hatua mbili kabla ya maua! Nilivuta mpaka viganja vikachubuka. Kumbe kamba nene, kila fundo linakula kamba. Hilo sikuliwaza.

Zénon akavaa miwani, akahesabu mafundo moja moja kwa kidole. Akatamka kwa sauti ya dirisha la posta kwamba kwa kipimo changu nimepoteza mita mbili, ila yeye hazitaki, nikae nazo. Léoncie aligeukia ukuta, mabega yanamtikisika. Cirimwami akainamia ndoo tupu kutafuta kitu ambacho hakikuwemo.

Nyumbani Mwantum aliuliza viganja vimefanya nini. Nikasema kazi. Akanipaka mafuta. Zamani angecheka mpaka majirani waje kuuliza.

Jumapili, 7 Juni

Mpango wa pili. Mtu akikosa usingizi na utulivu atauza hata mama yake, sembuse mita mbili za maua. Nilibeba kutoka kibandani redio kubwa kuliko zote, ya spika mbili, na betri ya gari. Nikaiweka kwenye ukanda wenyewe, uso kwa dirisha la Zénon. Wametoka tu misani, nikafungua mpaka mwisho. Habari za Kirundi, habari za Kifaransa, kwaya, matangazo ya sabuni, kwaya tena. Kunguru waliondoka.

Baada ya nusu saa Léoncie akatoka. Nikajiandaa kwa matusi. Amebeba kiti. Akakiweka mbele ya spika, akakaa, akaniomba niongeze kidogo kwa sababu sikio lake moja ni zito. Alisema betri za redio yao ziliisha Noeli, na kwa bei za sasa walikuwa wameshazoea ukimya. Zénon naye akaja na kigoda. Walisikiliza wakiwa wamekaa wima, mikono magotini, kama wako misani mara ya pili.

Zénon akauliza kama Jumatano, Kombe la Dunia likianza, naweza kuirudisha. Nikajibu inshallah, kwa hasira. Léoncie akaniletea chai ya maziwa na maandazi matatu. Niliyala yote matatu. Nimerudi Buyenzi nimeshiba na nimeshindwa.

Jumanne, 9 Juni

Cirimwami amemaliza mtaro wa msingi pande tatu. Ananiuliza wa nne. Saruji inavuta unyevu wa ziwa. Mfuko mmoja tayari ni jiwe.

Nikaenda kumwona shefu wa kartie, mkuu wa mtaa, anaitwa Prudence, nikamkuta kibarazani kwa baa na bia yake. Mimi nikaagiza Fanta. Sikukusudia kusema mengi. Nilisema tu kwamba yule mzee wa pembeni ana wageni. Shefu akauliza wageni gani. Nikasema watu wanaoshuka mlimani na vikapu.

Ni kweli! Anashuka bibi mmoja kila Jumanne, na Léoncie humpa chumvi. Bibi mmoja si mtu? Nikasema watu. Na nikataja chumvi. Hapa kila mtu anajua kina nani wako mlimani na wanakosa nini. Bunduki za waasi tunazisikia.

Shefu aliacha kunywa. Akatoa daftari. Nikamwambia si jambo kubwa, amwite tu amkaripie kidogo, ashuke kiburi. Akaniuliza jina la Zénon linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja.

Hapo sikupenda. Lakini nilikuwa nimeshafika kwenye herufi ya mwisho.

Jumatano, 10 Juni

Walikuja saa nne asubuhi. Jeep moja, askari wanne. Mimi ndiyo kwanza nafika na redio nimeifunga nyuma ya baiskeli, kwa ajili ya mpira.

Zénon alikuwa na fulana, anamwagilia maua. Akaomba ruhusa ya kuvaa shati. Akatoka nalo limefungwa vifungo mpaka shingoni. Léoncie alikuwa mlangoni na taulo mkononi, anawauliza kwa Kirundi, anawauliza kwa Kifaransa, hawamjibu kwa lugha yoyote. Mmoja alimvua Zénon miwani akaitia mfukoni mwake mwenyewe.

Alipokuwa anapanda aliniona. Akasema: "Jirani, unitazamie Léoncie. Na mpira utanisimulia."

Nikasema ndiyo.

Jioni nilisikiliza mechi peke yangu. Sikujua nani anacheza. Kiti cha Léoncie kilikuwa palepale mbele ya spika, mtu hakuna.

Watamwachilia kesho. Nilisema kukaripiwa. Shefu alinisikia vizuri.

Alhamisi, 11 Juni

Hawakumwachilia. Hili la leo nikilisoma uzeeni nitaona aibu, lakini naandika yote.

Niliwaza hivi: mzee hayupo. Akirudi akikuta mtaro umechimbwa, msingi umemwagwa, atanung'unika wiki moja na atazoea. Watu wanazoea makubwa zaidi nchi hii. Na kazi yenyewe ya asubuhi moja. Nikamwambia Cirimwami apitishe mtaro kwenye maua. Akasimama na jembe. Akasema: "Patron, mwenyewe haiko." Nikasema ndiyo maana. Akachimba bila kunitazama.

Ilipofika magotini, jembe liligonga ubao. Cirimwami akapiga magoti, akaondoa udongo kwa mikono. Mlango wa kabati. Mlango mzuri wa mbao, umelala chali, na kitasa chake bado kipo. Pembeni kitambaa cha shuka.

Akavua kofia. "Hapa kuna mutu, patron." Akapima kwa macho urefu wa mlango ule, akarudia kwa sauti ndogo: "Mutoto."

Léoncie alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui tangu lini. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alikaa chini kwenye udongo tuliotoa na akasema kama anayeeleza njia. Orlane. Binti yao, miaka kumi na mmoja. Homa, siku tatu, ile wiki ya miaka miwili iliyopita mji ulipofungwa, hakuna gari, hakuna daktari, na njia ya makaburini ina watu wenye mapanga. Joto la ziwa halingojei. Zénon alibomoa kabati la nguo. Alichimba peke yake mchana kutwa, yeye aliyekuwa hajawahi kushika jembe. Hawakumwambia mtu kwa sababu kuzika uani ni kosa, na kwa sababu, akasema, kila ukisema unamzika tena.

Cirimwami alirudisha udongo kwa mikono, konzi baada ya konzi. Alikataa jembe. Alipomaliza akanawa, akasema yeye wa kwake aliwazika msituni walipokuwa wanakimbia, na leo hata ukimpa ramani hawezi kuonyesha pale. Kisha akaniambia mtaro wa nne nitafute mtu mwingine.

Maua nimeyapanda tena. Nusu yamevunjika.

Ijumaa, 12 Juni

Baada ya swala ya Ijumaa nikaenda kwa shefu kurudisha maneno yangu. Nilijiandaa njiani. Nilikuwa na hotuba.

Shefu akasema karatasi imeshapanda. Nikauliza imepanda wapi. Akaonyesha kidole juu, nikatazama juu kama mjinga. Akasema kama nataka kuishusha ni rahisi, ataandika kwamba Massoudi wa Buyenzi aliidanganya serikali wakati wa vita, nitie kidole. Akafungua daftari. Akachukua kalamu. Akaniuliza: "Niandike?"

Kalamu ilikuwa ya bluu. Kifuniko chake kimetafunwa. Nakumbuka kila kitu cha kalamu ile.

Nikasema apana, shefu, basi. Nikamwagizia bia.

Jumatatu, 15 Juni

Sijalala siku tatu. Lakini nina mpango! Barua ya majirani. Nimeiandika mwenyewe kwa Kifaransa changu chote: sisi wakazi tunamjua Mzee Zénon ni mtu wa amani, mwenye nidhamu, mpenda maua. Nimezunguka nyumba kwa nyumba kwa baiskeli. Watu wanaogopa. Wanasoma mlango umefungwa nusu. Nimepata sahihi kumi na moja, na ya kwanza kabisa ni yangu, kubwa, ili wengine wasiogope.

Nimeipeleka kambini. Mlinzi aliishika ikiwa juu chini, nikamgeuzia. Nikamwonyesha jina langu.

Balaa lililotokea ni hili: watu wananisifu. Muuza mkaa amenishika mkono kwa mikono miwili. Imamu amenitaja. Na Mwantum, aliposikia, aliniita Baba Houda kwa sauti ya zamani. Akavaa kitenge kizuri, mara ya kwanza tangu msiba, akasema twende kwa huyo mama.

Walikuwa hawajawahi kuonana. Léoncie alimwonyesha pale. Mwantum akauliza kama anaweza kukaa. Wakakaa wote wawili, miguu wameinyoosha, maua yaliyovunjika katikati yao. Mwantum alisema kitu, Léoncie akasema kitu. Mimi nilikuwa nahesabu matofali yasiyohitaji kuhesabiwa. Nikasikia mke wangu analia kwa sauti. Miaka mitatu hakulia. Alikuwa anapika tu.

Njiani alisema: "Huyu mwenzangu anajua wa kwake yuko wapi." Halafu akasema: "Mungu akulipe kwa ile barua."

Niliendesha baiskeli. Upepo ulikuwa wa mbele. Mtu anaweza kutoa machozi kwa upepo.

Jumamosi, 20 Juni

Amerudi. Kama ni barua, kama walichoka, kama kuna mkubwa aliwahi kupokea pensheni yake dirishani kwa Zénon, hakuna anayejua.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda. Shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, ila limepandana, kifungo cha pili kwenye tundu la tatu. Mkono wa kulia umevimba, vidole vinatazama kila kimoja upande wake. Miwani hakurudishiwa. Alinitambua kwa sauti.

Alisimama! Mimi nakuja, yeye anasimama. Alinipa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kutoa mkono wa kushoto. Alisema ameambiwa kuhusu barua, na kwamba jina langu lilikuwa la kwanza. Alisema kule ndani alijiuliza kila siku ni nani aliyesema, akawapitia majirani wote kichwani, mlango kwa mlango. "Kwako sikusimama, jirani. Unisamehe kwa ile habari ya kamba, tulikucheka."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Najua. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Nilifungua mdomo, ulimi ukainuka, nikasikia nasema: ile mechi ya kwanza, mzee, goli liliingia dakika za mwanzo tu.

Akakaa, akafumba macho, akatabasamu. Nikamsimulia mpira. Mechi zote za siku kumi. Nyingine sikuzisikiliza, nikazitunga. Magoli mengi mazuri.

Jumapili, 28 Juni

Wameondoka. Kaka yake Léoncie yuko Ngozi, amewaambia waje. Nyumba wameiuza haraka kwa mtu wa vitambaa vya sokoni. Zénon alisema hawezi tena kusikia jeep ikipunguza mwendo.

Kabla ya kupanda lori aliniita kando. Akanipa karatasi. Ameiandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama nyasi baada ya mvua: ukanda wa mita mbili ni wa Massoudi, mtu mwema, na mnunuzi wa nyumba anajua hivyo. Alisema hawezi kumfukua mtoto na kumpakia kwenye lori. Alisema haombi sala, yetu na yao si moja, anaomba maji kwenye maua tu, na tusijenge juu. Mwantum akajibu kabla yangu. Akaapa kwa jina la Moubarak.

Nilishika karatasi ile. Kila nilichotaka kilikuwa kimeandikwa juu yake.

Malori yalipangwa nyuma ya gari la askari, safari za bara huenda kwa msafara. La kwao lilipoanza kutembea nikasikia miguu yangu inakimbia. Nikaling'ang'ania bodi la nyuma. Nikapiga kelele: mzee, ni mimi! Ni mimi niliyesema kwa shefu! Ni mimi, Massoudi! Injini inanguruma, vumbi, wanawake wanaaga, kuku wanapiga kelele. Zénon, bila miwani, aliinamia sauti yangu. Hakusikia. Akainua mkono mbovu, akaupunga, na Léoncie akapunga, wakafikiri nawatakia safari njema.

Nilibaki barabarani. Mtu mmoja akanipa maji. Alisema hajaona jirani analia hivi kwa ajili ya jirani.

Jumanne, 30 Juni

Mwantum amebadilisha mchoro. Amechukua penseli mwenyewe. Chumba kimerudi nyuma, dirisha halitazami ziwa, linatazama maua. Cirimwami alikubali mtaro huo, akauchimba anaimba chinichini.

Kila siku Mwantum huenda Kibenga na kopo, hurudi kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje. Jana jioni alipika chakula cha watu watatu. Houda aliona, nami niliona.

Leo alipokuwa anaosha sufuria aliniuliza, amenipa mgongo: "Baba Houda, ni nani alisema kwa shefu?"

Nikasema sijui. Nikasema watu wana roho mbaya.

Alisugua sufuria ile mpaka ikawa nyeupe, akaendelea kusugua. Hakuuliza tena. Mkeka wake ameuhamishia chumba cha Houda. Anasema joto.

Jumapili, 12 Julai

Kuta zimefika usawa wa dirisha. Leo ni fainali ya Kombe, mji mzima unatafuta betri, kibandani sipumui kwa kazi. Afya ninayo. Mkeka haujarudi, lakini joto nalo halijaisha.

Jirani mpya amehamia. Mtu wa vitambaa, anaitwa Xavier. Kijana, anacheka ovyo, haulizi kitu. Amejenga banda la kuku, nguzo nne na wavu, karibu kabisa na ukanda. Nimelitazama banda lile siku tatu. Kuku wanaparua. Vumbi linakwenda kwenye maua. Mwantum anaumia, ingawa hajasema.

Nimefikiri kwa utulivu. Kaburi si kitu cha kubanwa. Kaburi lina heshima yake, na heshima inahitaji nafasi, tuseme mita moja kila upande. Nani atabisha? Na la Orlane liko ukingoni kabisa mwa ukanda, limegusana na kiwanja cha Xavier, kwa hiyo mita ya heshima inaangukia kwake. Kutoka barabarani mpaka chini. Pakipigwa ukuta hapo, kwangu panapatikana baraza ndefu, na mwisho wa baraza ziwa lote linaonekana. Mwantum atakaa pale. Atafurahi. Si kwa ajili yangu.

Nimepima leo kwa hatua, kamba sitaki kuiona. Mstari unapita katikati ya banda la kuku. Nilimwambia Cirimwami aje na nguzo. Akaosha mwiko wake, akaufunga kwenye shati, akaondoka bila kuaga. Wakimbizi hawana shukrani.

Kesho nitamweleza Xavier kwa adabu. Nitauliza afya yake kwanza. Akielewa, vizuri. Asipoelewa, shefu yupo kibarazani kila jioni. Sitasema mengi. Amwite tu, amkaripie kidogo.